Matairi ya Matope Juu ya Lami

Jumamosi, 2 Novemba

Mume wangu amerudi nyumbani na matairi mapya. Naandika kwa sababu nikisema nitatukana.

Ni matairi ya matope. Mapana, mazito, yana meno ambayo mtu anaweza kuanikia soksi, yale wanayofunga watu wanaovuka mito kwenda kuchana mbao porini. Gari letu ni SUV tuliyoinunua mkononi mwa mtu, na kazi yake inajulikana na kila mtu humu ndani: Jumanne na Ijumaa inampeleka Mama, yaani mama mkwe wangu, hospitali ya rufaa kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Siku nyingine inampeleka mume wangu ofisini kwake, anakouza bima. Kutoka getini kwetu hadi mlango wa hospitali ni lami mtindo mmoja. Hakuna mto. Hakuna mbao.

"Unaionaje?" ameniuliza, mikono kiunoni.

Nimemwambia naona gari limevaa viatu vya kaka yake. Hakucheka. Aliyecheka ni rafiki yake Sukani, ambaye ndiye mshauri wa upuuzi huu. Kazi ya Sukani siijui hadi leo, ila ana maoni juu ya magari ya watu wote. Kila Jumapili yeye, mume wangu na wenzao wengine wanaegesha magari kwenye mstari, wanayatazama, basi. Huko ndiko mume wangu anakoitwa Kamanda. Kamanda! Mtu anayenipigia kelele nije kumuulia mende bafuni.

Matairi ya zamani, ambayo bado yana meno mazuri tu, yamerundikwa kwenye chumba changu cha kushonea, kati ya cherehani na kabati la vitambaa. Chumba kizima kinanuka mpira. Kuna gauni la bibi harusi limening'inia pale, nalo linanuka mpira.

Jumapili, 3 Novemba

Ameyasugua matairi kwa brashi yangu ya masufuria. Halafu akairudisha jikoni.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imeanza. Shemeji amempeleka Mama hospitali kama kawaida. Huyu shemeji ni mdogo wake mume wangu, tunaishi naye tangu kampuni aliyokuwa akiiendeshea lori ilipofungwa. Siku ambazo hana safari ya Mama anafanya vibarua vya kupakua mizigo, na ameomba kazi ya kuendesha ambulensi hukohuko hospitali. Tunamwombea aipate. Mimi namwombea zaidi, kwa sababu anatafuna kwa sauti na anajifutia mikono kwenye pazia.

Mama amerudi analalamika. "Gari linalia njia nzima, vuuu, vuuu. Nimeshindwa hata kusinzia."

Mume wangu akasema hiyo ndiyo sauti ya nguvu.

Ijumaa, 8 Novemba

Taa ya mafuta imewaka kabla Mama hajafikishwa nyumbani. Ajabu.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo Sukani amekuja kula na wenzake wawili. Walikuwa watulie sebuleni, lakini mvua ikipungua kidogo tu wanatoka kwenda kuyapapasa matairi, kisha wanarudi na tope kwenye zulia langu. Nilimsikia Sukani akimshauri mume wangu apunguze upepo ili matairi yaonekane yamenona. Watu wazima, wana ndevu.

Mezani nikauliza, tena bila ubaya wowote: "Hivi hili gari siku hizi lina kiu ya nini? Tulikuwa tunajaza Jumatatu, wiki inakwisha na bado yanabaki ya kwendea sokoni. Sasa Ijumaa tu taa imewaka."

Sukani akainamia sahani yake. Mwenzake mmoja akapiga meza: "Kamanda, wewe umefunga matairi au umefunga pampu ya kunyonyea mafuta?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Mume wangu hakucheka. Namjua mume wangu, akiaibika masikio yanakuwa mekundu na anatafuta mtu wa kumkabidhi aibu yake. Akaweka kijiko chini, akasema, "Matairi hayana tatizo. Muulizeni dereva."

Dereva, yaani shemeji, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na jagi la maji.

"Kaka, niulizwe nini?"

"Mafuta yanaisha, lakini mita inaonyesha umekwenda kilomita chache kuliko zamani. Mafuta mengi, safari fupi. Yanakwenda wapi?"

"Nimekwenda njia ileile. Nimerudi njia ileile."

"Mita haidanganyi," mume wangu akasema.

Shemeji akaweka jagi mezani taratibu, akatoka. Wageni wakageuza mazungumzo. Mimi nilimwangalia mgongo wake akiondoka, nikajisemea kwamba mtu asiye na kosa angejitetea. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Kichwa kinaniuma. Mume wangu sasa anapiga picha dashibodi gari likitoka na likirudi, amejipa uafisa forodha getini kwake.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefua nguo za wote. Shati la shemeji linanuka petroli. Si harufu ya kupita kituoni, ni petroli iliyomwagikia mkononi, mpaka kwenye kiwiko. Mama yake mzazi anakwenda kuunganishwa na mashine, yeye anafyonza tangi la gari linalompeleka! Nilimwonyesha mume wangu lile shati. Akalinusa, akanirudishia, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikukielewa. Kilifanana na nafuu.

Jumapili, 17 Novemba

Amemfukuza mdogo wake. Si kwa ugomvi, afadhali ingekuwa ugomvi. Alimwita sebuleni, akamwonyesha picha za dashibodi kwenye simu, moja baada ya nyingine, huku akijipa sauti ya hakimu. "Siwezi kulala nyumba moja na mwizi."

"Kaka, sijaiba."

"Shati lako linanuka petroli. Mke wangu shahidi."

Shemeji akanitazama. Nikatazama pazia.

"Petroli ni kweli nilishika," akasema. Akamgeukia Mama. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kona, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Tulisubiri aseme neno. Mwishowe akasema, "Mwenye nyumba akishasema, mimi niseme nini?"

Mwanamke yule ananitia uchungu. Kila siku humu ndani ni mwanangu mkubwa hiki, mwanangu mkubwa kile, kipande kizuri cha nyama ni cha mkubwa, na leo mdogo anatolewa nje kwenye mvua na yeye anakunja kanga.

Shemeji alibeba begi moja. Mlangoni aliniambia, "Shemeji, msimcheleweshe Mama. Mkichelewa wanampa zamu ya mwisho, na zamu ya mwisho mashine wanaizima mapema."

Mwizi gani anaaga hivyo? Nimejiuliza nikiwa nadeki matope yake mlangoni.

Jumatano, 20 Novemba

Mkuu wa magari wa hospitali amepiga simu. Ni mwanamke, ana sauti kavu. Shemeji ameshinda mtihani wa kuendesha, na sasa anataka neno la mtu ambaye shemeji amekuwa akimwendeshea gari. Kwa maneno mengine, anataka neno la mume wangu.

Mume wangu alikuwa anakata kucha za miguu sebuleni. Aliibana simu kwa bega akaendelea kukata. "Sipendi kusema, ni damu yangu. Lakini kazi ya ambulensi ni dhamana. Kijana ana mkono mrefu kwenye mafuta. Nimelazimika kumtoa nyumbani." Ukucha ukaruka ukatua kwenye sahani ya Mama.

Mkuu wa magari akasema ataliweka jalada pembeni kwanza. Mume wangu akakata simu na kuniuliza kama chai iko tayari.

Hata kama shemeji aliiba, mambo haya hayafanywi hivi. Nilimwambia. Akasema mimi ni mwepesi wa huruma, ndiyo maana wateja hawanilipi kwa wakati.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo mume wangu ameendesha mwenyewe kumpeleka Mama, nami nikaenda ili kuwe na mtu wa kumshika Mama akitoka kwenye mashine. Mvua ya rasharasha, barabara safi, na yale matairi yanalia kama mtu anayeugua jino. Kila tulipopanda kilima injini ilikuwa inakoroma. Mama alifunga macho.

Pale njia panda, mahali tunapoingia barabara kuu, kuna kibao kikubwa: Hospitali ya Rufaa, kilomita thelathini. Nimekipita mara ngapi sijui. Leo, kwa kuwa mume wangu anaipenda sana ile mita yake, niliitazama tulipokipita kibao. Tulipofika getini mwa hospitali niliitazama tena. Ilikuwa imesogea ishirini na saba na kitu.

Nikamuuliza, "Kilomita mbili na ushei zimekwenda wapi?"

"Zipi?"

"Kibao kinasema thelathini. Gari lako linasema ishirini na saba. Au nazo mdogo wako kaziuza?"

"Vibao vya barabarani vinawekwa na walevi," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliosema. Hawakuniambia kwamba inaweza kufupishwa na tairi.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikulala vizuri. Asubuhi, mume wangu alipokwenda kwa kinyozi, nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima tairi moja la zamani, kuzunguka lote. Futi moja haikutosha, nikaiunganisha na ya pili kwa pini. Kisha nikatoka nje na kupima lile jipya la akiba, linaloning'inia mlango wa nyuma wa gari. Mvua ilikuwa inaninyeshea mgongoni. Jipya limelizidi la zamani kwa karibu shibiri nzima.

Mimi si fundi wa magari, ila nimeshona miaka mingi na najua kipimo kibovu kinavyoharibu nguo. Mita ya gari haioni barabara. Inahesabu tu gurudumu limezunguka mara ngapi, halafu inazidisha kwa ukubwa wa tairi lile ililozaliwa nalo. Ukifunga tairi kubwa, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, lakini mita inaendelea kuhesabu hatua za lile dogo. Shemeji alikuwa anakwenda na kurudi safari nzima, mita inamwandikia pungufu.

Na mafuta nayo yanaliwa kweli. Nilijaribu kuliinua tairi la zamani, nikaliinua. Lile jipya la akiba, hata kulitikisa pale linaponing'inia sikuweza. Kuna mengine manne kama hilo, mapana, yenye meno yanayoing'ang'ania lami, tena yamepunguzwa upepo ili yanone, na injini inapaswa kuyazungusha yote kutwa nzima. Mvishe mtu buti za mvua zilizojaa maji mkimbize mjini, halafu umuulize kwa nini ana njaa.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, na futi mkononi. Alinisikiliza huku anajitazama nywele kwenye kioo cha gari.

"Wewe shona," akasema.

Jumanne, 26 Novemba

Tumejaza tangi jana. Mshale tayari uko nusu. Nimemwambia, amewasha redio.

Jumatano, 27 Novemba

Leo nimejua.

Sukani alikuja kuchukua matairi ya zamani. Mume wangu amempa, bila kuniuliza, na kwa hilo peke yake sikuwa na neno, chumba angalau kitapumua. Alipokuwa anayaviringisha kutoka nje nikamwambia, bora umeyachukua wewe, labda kwako hayataitwa mwizi.

Akasimama. "Shem, na mimi hilo jambo linanikera. Nilimwambia Kamanda asimsingizie kijana."

"Amsingizie? Ulijua?"

"Si tulikuwa wote dukani! Fundi alituambia kabla hajafungua hata nati moja. Alisema haya yatakula mafuta, na mita itakusomea pungufu, usije ukashangaa. Kamanda akasema anajua, funga tu."

"Siku ileile? Tarehe mbili?"

"Siku ileile, Shem. Ila sasa, ile siku ya chakula jamaa walimcheka, na wewe ndiye uliyeuliza mbele za watu..."

Kwa hiyo ni mimi! Nilimwambia Sukani aondoke kabla sijamviringisha na yeye. Aliondoka akisema tusimtaje.

Nimekaa kitandani. Nilikuwa nadhani nimeolewa na mjinga. Mjinga unamsamehe, unamfundisha, unamcheka mkalala. Huyu alijua. Alijua alipomwita mdogo wake mwizi, alijua alipokuwa anapiga picha dashibodi, alijua alipokuwa anakata kucha na kumnyima ndugu yake kazi kwa simu. Na lile shati nililomnusisha, ule unafuu niliouona usoni, ulikuwa wa mtu aliyesikia uongo wake umepata shahidi wa bure.

Shati bado silielewi. Petroli ile ilitoka wapi?

Ijumaa, 29 Novemba

Mafuta yameisha njiani.

Mvua ilikuwa kubwa, vifutio vya kioo havikufua dafu. Taa ilikuwa imewaka tangu tunatoka nyumbani, nikamwambia tupite kituoni, akasema yaliyomo yanatosha kwenda na kurudi, yeye analijua gari lake. Tulipokuwa tumeshakivuka kilima cha pili gari likakohoa, likajikokota, likasimama pembeni, limekufa kabisa. Matairi ya kuvuka mito yamesimama juu ya lami iliyonyooka, wakati vigari vidogo vinatupita na kuturushia maji.

Mume wangu alizungusha ufunguo mara kadhaa. Akapiga usukani. Akasema, "Hawa wa kituo cha mafuta wanachanganya na maji. Nitawashtaki."

Ndipo Mama, ambaye tulidhani amelala kiti cha nyuma, akauliza bila kufungua macho: "Na leo mafuta kayauza nani?"

Mume wangu akazungusha ufunguo tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Dereva leo ni nani? Leo kayauza nani?"

"Mama, mambo ya magari huyajui."

"Naijua njia hii. Mdogo wako hakuniangusha humu hata siku moja." Akafungua macho, akanitazama mimi kwenye kioo. "Alikuwa anatia ya kwake. Ana kidumu, alikuwa anakificha chini ya kiti changu. Hela yake ya vibarua. Tukifika kile kilima anasimama, anamimina, tunaendelea. Aliniambia, Mama nyamaza, kaka atakasirika tukisema matairi yake mabaya. Nikanyamaza. Na siku anafukuzwa nikanyamaza tena, kwa sababu nalala nyumbani kwa mkubwa, nakula kwa mkubwa." Akaanza kulia, kilio kidogo cha mtu asiye na nguvu. "Nimemuuza mwanangu kwa kitanda."

Kumbe petroli ya kwenye lile shati ilikuwa hiyo.

Mama alikuwa amevimba miguu tangu jana, na kupumua kwake kulikuwa kunakwarua. Nilimpigia shemeji. Sikujua kama atapokea. Alipokea, sikuwahi hata kumaliza sentensi, akauliza tu, "Mko upande gani wa kilima?" Alifika na kigari kidogo cha kuazima, mlango mmoja umefungwa kwa waya, vitairi vyembamba kama vya baiskeli. Alimbeba Mama mgongoni kwenye mvua, akamweka mbele, nami nikaingia nyuma. Kaka yake alikuwa amesimama chini ya mwavuli. Shemeji alifungua buti, akamtolea kidumu cha petroli, akakiweka miguuni pake. Ningekuwa mimi ningemmwagia.

Tulichelewa. Wakampa Mama zamu ya mwisho, na mashine wakaizima mapema, vilevile kama shemeji alivyosema siku ile anaondoka. Muuguzi akasema tumrudishe kesho bila kukosa.

Jumamosi, 30 Novemba

Shemeji kampeleka Mama na kigari kile. Amesafishwa vizuri. Uvimbe umeshuka.

Mama amesema hapandi tena gari la mkubwa. Mume wangu ameshinda anazungukazunguka uani, halafu jioni akaja na uso wa mtu aliyepata ufunuo. "Nimeamua kumsamehe," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Kumsamehe nani?"

"Mdogo wangu. Kesho aje, tuyamalize."

Jumapili, 1 Desemba

Nitaandika yote yalivyokuwa, kwa sababu najua nitakuja kusimuliwa vingine.

Walikuwepo Mama, mume wangu, Sukani aliyeitwa awe shahidi, na mimi. Shemeji alikuja na shati lililopigwa pasi, limelowa mabegani. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akawa anafanana na mteja aliyekuja kukopa.

Mume wangu alisimama. Alisimama kweli, sebuleni kwake, watu wanne. "Mkubwa ni jalala," akaanza, "kila taka hutupwa kwake, naye anavumilia." Nikasema moyoni, jalala kweli, harufu tunaisikia. "Yaliyotokea yametokea. Mimi sina kinyongo. Nimemsamehe mdogo wangu. Nyumbani ni kwake, arudi aendelee kumpeleka Mama. Na ile kazi ya ambulensi, nampigia mkuu wa magari sasa hivi, namwambia kijana amejirekebisha. Namba yake hii hapa." Akaiweka simu mezani, jina la mkuu huyo limeshawekwa kwenye kioo, bado kubonyeza tu. "Neno moja tu. Aniambie, kaka nisamehe. Nami napiga."

Sukani alikuwa anatazama dari. Anajua kila kitu, na anatazama dari! Nilitamani kumkwangua.

Nikamwangalia shemeji. Nilikuwa sijawahi kumwangalia vizuri, nilikuwa naangalia pazia langu tu. Alikuwa anaitazama ile simu. Miezi mingapi anapakua magunia huku akiisubiri kazi ile. Halafu akamtazama Mama, ule mkono wenye plasta pale wanapochoma sindano. Nikaona kabisa anavyopiga hesabu: neno moja, na Mama anapata dereva, na yeye anapata kazi. Angeingia ambulensini akiwa mwizi aliyetubu. Kila lita ikipungua pale hospitali, wangemtazama yeye kwanza, maisha yake yote.

Akalamba midomo. "Kaka," akasema, "nisa..."

"Usiseme!" Nilikuwa nimeshasimama.

"Mke wangu, kaa chini."

Sikukaa. Niliichukua simu nikabonyeza, nikaweka sauti ya nje. Mume wangu alinyoosha mkono, Mama akaushika ule mkono. Mama, mwenye nguvu za kuku mgonjwa, aliushika akaung'ang'ania.

Ile sauti kavu ikaitika. Nikajitambulisha, mke wa yule aliyemsema vibaya mdogo wake. Nikasema, "Mkuu, mafuta hayakuibiwa. Mume wangu alifunga matairi ya matope, makubwa kuliko ya zamani. Ndiyo yaliyokula mafuta, na ndiyo yaliyofanya mita isome pungufu. Fundi alimwambia kabla hayajafungwa. Kijana alikuwa anatia petroli ya mfukoni mwake ili mama yake asikwame njiani. Mimi mwenyewe nilinusa shati lake nikamdhania mwizi, kwa hiyo hata mimi nimo."

Nilidhani amekata.

"Matairi ya matope," akasema. "Kwa barabara hii yetu ya lami?"

"Hiihii."

"Kuna mwingine aliyemsikia huyo fundi?"

Nikamtolea Sukani macho. Alijikohoza, akaivuta shingo ndani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwepo, mkuu. Ni kweli."

"Mpe kijana simu." Shemeji akaishika kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia haya mwenyewe nilipokuuliza kuhusu kaka yako?"

"Ni kaka yangu, mkuu," shemeji akasema.

Mkuu akashusha pumzi. "Kesho asubuhi njoo na leseni. Nitakuweka kwenye majaribio mwezi mmoja. Na ukikaa kimya tena gari likiwa na kasoro, nitakufukuza mwenyewe."

Simu ilipokatika mume wangu alikuwa amekaa. "Umenidhalilisha," akaniambia. "Mbele ya mdogo wangu. Mbele ya mama yangu. Yangeisha humuhumu ndani, kimyakimya."

"Yalikuwa yanaishia kwake yeye," nikasema.

Shemeji alilia, akifutia machozi kwenye pazia. Nikamwacha afute.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua imepungua. Nimemaliza gauni la bibi harusi.

Ijumaa, 6 Desemba

Mama amehama. Shemeji amepata chumba karibu na hospitali, mwendo wa mguu hadi kwenye mashine. Nilimsaidia Mama kukunja nguo. Nilidhani atanipa maneno ya mama mkwe, hakunipa. Alinishika shavu akasema, "Mwanangu, nimechelewa, lakini wewe usichelewe." Nikamuuliza nisichelewe nini, akasema nifunge begi.

Mume wangu hakutoka chumbani kumuaga. Alisema ana simu za kazi.

Jumanne, 10 Desemba

Jua limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Mume wangu alirudi mapema na kifurushi cha maandazi, akaniwekea kwenye meza ya cherehani, juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Mafuta yakapenya.

"Hivi umeshanisamehe?" akauliza.

Nikasimamisha cherehani. "Nini? Taja."

"Si yale mambo."

"Mambo gani?"

"Ya matairi."

"Matairi yalifanya nini?"

Nilimwangalia, na nasema ukweli wa moyo, nilikuwa nataka aseme. Angesema sentensi moja tu, nilimsingizia ndugu yangu kwa sababu nilichekwa, ningekula yale maandazi na ile karatasi yake.

"Nimefikiria sana," akasema. "Nadhani yule fundi alinifungia saizi isiyokuwa yangu. Kosa ni lake."

Kwanza alikuwa mdogo wake. Halafu kituo cha mafuta. Sasa fundi. Nikatazama mlango wa chumba cha Mama, uko wazi, godoro limekunjwa. Nikatazama cha shemeji. Nyumba nzima hakuna mwingine aliyebaki wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Alipokwenda kuoga nilimpigia Mama, nikamuuliza hicho chumba chao kina ukubwa gani, na kama ukutani kuna nafasi ya cherehani.